Kuni Walizomletea Shangazi

Hapana mama, sijasema naenda kutafuta kazi. Wala sina mchumba huko, wala hakuna mtu aliyeniita. Hayo yote umeyasema wewe. Mimi nimesema nataka kupanda treni pale Makambako, nivuke niingie Zambia, nishuke mahali nisipopajua nione nitafanyaje. Basi. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake.

"Sasa huko unamfuata nani?" mama kauliza tena, kama vile sijajibu.

"Simfuati mtu, mama. Naenda."

"Anaenda! Kama mbuzi aliyekata kamba."

Kaka Festo alikuwa anamenya viazi vyake vya kuchemsha, akaona atupatanishe. "Mwache mama. Akaone yale maporomoko yao makubwa, apige picha, arudi. Siku hizi watu wanatalii."

"Sitaki kutalii," nikamkatiza. "Maporomoko nitayaona kwenye simu yako."

Hapo ndipo nilipoharibu. Habari ya picha mama angeimeza. Mtu aliyekwenda kupiga picha lazima arudi, maana atataka kuzionyesha. Mama akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na begi la turubai la kijani ambalo sijaliona tangu nikiwa mdogo, akanitupia mapajani.

"Chukua na hili basi. Ukawe kama mwenye nalo."

Begi la Shangazi Salome. Nikafungua zipu na harufu ikanipiga usoni: moshi, vumbi, na kitu kikavu chenye nyamanyama, kama samaki lakini sio samaki. Nikaijua palepale. Nikaondoka sebuleni, na wanaonijua wanajua mimi sio mtu wa kuondoka kwenye ubishi bila kujibu. Sasa niko chumbani naandika, nasikia mama anaosha vyombo kwa hasira, na begi liko hapa kitandani linanuka utoto wangu.

Shangazi Salome alikuwa mdogo wa mwisho wa baba. Tuliishi naye, sisi na bibi, kwenye nyumba hii hii kando ya barabara kati ya Njombe na Makambako. Baba alikuwa Mufindi kwenye mbao, tunamwona mwisho wa mwezi. Kazi ya shangazi ilikuwa kufuma masweta ya shule. Nyie wa rika langu mliokulia huku mnaikumbuka ile baridi ya mwezi wa sita, ukungu umekaa darasani kama mwanafunzi mwingine, vidole havishiki kalamu. Basi nusu ya shule yetu ilivaa mikono ya shangazi. Alifuma akiwa amekaa, alifuma akitembea, mpira wa uzi kwapani na sindano zinagongana tik tik tik. Alifuma hata njiani kwenda kanisani, mpaka bibi amwambie, "Salome, hata Mungu alipumzika."

"Yeye alikuwa amemaliza, mama," anajibu. "Mimi bado."

Uzi tulinunua Makambako, na siku ya uzi mimi ndiye niliyebeba kapu. Tukishanunua, tulipaswa kurudi moja kwa moja. Hatukurudi. Shangazi alinishika mkono tukaenda stesheni, tukakaa kwenye ngazi na mahindi yetu ya kuchoma tusubiri treni ya Zambia ipite. Mimi nilikuwa darasa la pili na nilikuwa na elimu yangu kamili kuhusu treni. Nilidhani wale watu wanaishi mle ndani. Nilimwona mama ananyonyesha dirishani, kitenge kimeanikwa, mzee ananyoa ndevu kwenye kioo kidogo, nikajua hicho ni kijiji kama chetu, ila chenyewe kimekataa kukaa.

"Hivi hii inaishia wapi?" shangazi alimuuliza siku moja mama aliyekuwa akiuza mayai pale.

"Zambia, mdogo wangu. Una mtu huko?"

"Sina."

"Sasa unauliza ya nini?"

Shangazi akacheka, lakini njia nzima ya kurudi sindano zilienda ovyo, na tulipofika nyumbani akakuta ameruka mishono, ikabidi afumue kipande kizima. Nilimshikia uzi. Nikamuuliza, "Siku ukienda tutaenda wote?"

"Tutaenda wote, Oliva."

Niliyaamini hayo kama ninavyoamini kesho kutakucha. Ndio maana asubuhi niliyoamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na begi halipo msumarini, sikulia kwanza. Nilienda kuangalia kama amesahau kuniamsha. Nikazunguka nyumba. Kulikuwa na ukungu, naona miguu yangu tu. Bibi alikuwa jikoni anapuliza moto.

"Shangazi yuko wapi?"

"Ameondoka. Kwenda Zambia."

Bibi hakuongeza neno. Bibi hakuwahi kuongeza neno kwenye jambo lolote, ndivyo alivyokuwa. Na mama alikuwa ameshatoka na lori la viazi kwenda sokoni Njombe tangu alfajiri, hakujua lolote.

Sasa ili uelewe kilichofuata, ujue kwetu watu wanaaga. Ukienda hata Iringa kwa siku mbili, unapita kwa majirani: jamani mimi natoka, naenda kwa fulani, kuna jambo fulani. Wanakuombea, wanakupa salamu za kupeleka, wanakupa na parachichi. Mtu anayeondoka gizani bila kuaga kwetu ana sababu moja tu. Kapata taarifa ya msiba, hana muda.

Kwa hiyo Mama Tito, jirani yetu wa upande wa juu, alipokutana na bibi kisimani na kusikia Salome ameondoka alfajiri, ghafla, Zambia, hakuhitaji kuuliza zaidi. Alishika kichwa. "Mwee! Poleni!" Na bibi, ambaye alidhani anapewa pole ya kuachwa na binti yake, akasema, "Tumeshapoa."

Jua halijatoa ukungu vizuri, nikaona mama mmoja anaingia uani na mzigo wa kuni kichwani. Akautua ukutani, akavua viatu, akaingia ndani bila kuongea. Akaja mwingine na unga kwenye ndoo. Mwingine na maharage. Kuni zikaongezeka, miti ya miwati iliyopasuliwa vizuri, mpaka zikafika dirishani. Ndani wamekaa chini kwenye mikeka, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja akaanza wimbo wa kanisani, ule wa kuzika. Nikasimama mlangoni. Hakuna aliyeniona. Watoto kwenye msiba ni kama kuku, wanafukuzwa tu wakikaribia chakula.

Mimi nikajumlisha mwenyewe. Shangazi hayupo. Watu wanalia. Shangazi amekufa. Na kwa kuwa bibi alisema ameenda Zambia, nikaelewa kumbe Zambia ndiko wanakokwenda waliokufa, na ile treni ndiyo inayowabeba, na wale watu niliokuwa nawapungia mkono madirishani, yule mama anayenyonyesha, yule mzee wa ndevu, wote walikuwa maiti wanasafiri. Jamani. Mtoto wa darasa la pili. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika yale mahindi ya stesheni niliyokula wiki iliyopita, au nilijisikia hivyo.

Mchana mama akarudi. Akaona viatu vimejaa mlangoni kwake, akasikia wimbo, akaona kuni. Hakuuliza nani. Alidhani ni baba, mti umemwangukia kule Mufindi. Alitupa kapu, akaanguka pale pale uani akagaragara, akapiga yowe ambalo mpaka leo silisahau. Wanawake wakatoka kumshika, nao wakalia upya kwa sababu yake.

"Alikufa saa ngapi?" mama analia.

"Hatujui, wifi yako ndiye kapata simu."

"Wifi yupi?"

"Salome. Si ndiyo amekwenda kuzika?"

"Kumzika nani?"

Wakamgeukia bibi, ambaye alikuwa amekaa kona yake muda wote akidhani Mama Tito amefiwa na watu wamechagua kulilia kwetu. Bibi akasema, "Hakuna aliyekufa. Salome amekwenda tu."

"Amekwenda tu?" Mama Tito akauliza.

"Alisema anataka kuona treni inaishia wapi."

Ningekuwa mkubwa ningecheka. Hakuna aliyecheka. Walinyanyuka mmoja mmoja, wakajipangusa machozi kwa aibu, yule wa unga akachukua ndoo yake. Ila kuni wakaziacha. Kwetu kuni zilizoletwa msibani hazirudi kwa mwenyewe, utakuwa umekwenda nazo na kifo nyumbani kwako. Na sisi hatukuweza kuziwasha, kwa sababu kuni za msiba zinapikia msiba. Kwa hiyo zikabaki pale ukutani, zimepangwa, zinasubiri mtu wao. Majirani wakipita barabarani wanazitazama kisha wanatutazama sisi. Mama akawa anapika kwa mabua ya mahindi na anakohoa, kuni kavu ziko hatua mbili. Hata hivyo kila jioni ananiuliza kama bibi amekula.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa tayari. Wakubwa wanaficha, nilijiambia. Wamesema hakuna aliyekufa ili tusiogope. Kuni ni za shangazi.

Ndio maana siku aliporudi nilikimbia.

Ilikuwa jioni, naota jua kwenye ngazi. Nikaona mtu anashuka kwenye gari barabarani, begi la kijani begani, mwembamba, mweusi kuliko nilivyomjua, kichwani amefunga kitambaa kwa mtindo ambao sijawahi kuuona. Akanikazia macho akatabasamu. Akasema, "Mwapoleni!" Ni salamu ya Zambia, lakini mimi sikuijua.

Lugha ya wafu! Niliruka ngazi zote, nikajibanza nyuma ya kuni na kuziba masikio. Alinifuata. Alichungulia juu ya rundo.

"We Oliva. Nini?"

"Umekufa," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Watu wote. Hizi kuni zako."

Akazitazama zile kuni. Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko, hajamsalimia. Bibi nyuma yake. Mama akamweleza yote kwa sentensi fupi fupi, na kadiri alivyoeleza sauti ilipanda. Kwamba alianguka hapo, hapo unaposimama, akamlilia mume aliye hai. Kwamba hatujapika kwa moto wa maana tangu aondoke. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua begi, akainama, akakumbatia kuni zile, mzigo mkubwa kabisa, akaingia nazo jikoni.

"Salome, acha!" mama akapiga kelele. "Hizo ni za mtu!"

"Ndiyo. Ni zangu. Baridi inaniua, wifi."

Akaziwasha. Miwati mikavu inawaka kama imemwagiwa mafuta. Jikoni kukawa mchana. Mama alibaki nje, hakuingia, na mimi nilibaki katikati, mlangoni, uso unapata joto na mgongo unapata baridi, na nilijua lazima nichague. Shangazi akafungua begi akatoa mfuko wa viwavi wakavu, weusi, wenye miiba, akawamwaga kwenye sufuria na chumvi na nyanya. Harufu ikajaa. Akaniita nile. Nikafikiri, maiti hawezi kuwa na njaa kiasi hiki. Nikaingia.

Bibi akaingia nyuma yangu, akakaa, akanyoosha miguu kwenye moto akasema, "Afadhali." Alikula viwavi kuliko wote.

Harufu ile ndiyo iliyomleta Mama Tito. Akasimama mlangoni, macho kwenye moto. "Kamwene, Salome. Kumbe umerudi. Uliyaona maporomoko?"

"Kamwene dada. Sikufika."

"Hukufika! Sasa ulikwenda kuona nini?"

Shangazi akaeleza, na mimi nilikaa magotini kwake nikasikia mtetemo wa maneno kabla ya maneno yenyewe. Kwamba kwenye treni alikuwa anafuma, mama wa kiti cha mbele akataka sweta la mtoto, halijaisha wakafika kituo cha yule mama, basi akashuka naye alimalizie kwake. Hivyo tu. Kwamba alipotumwa maji alipotea, akaokotwa na watoto wa shule wakamcheka. Kwamba ugali wao wanauita ubwali na alitwanga mihogo mpaka viganja vikatoa malengelenge. Kwamba alipanda nyuma ya baiskeli ya mzee mmoja akaanguka nayo mtoni. Kwamba kanisani waliimba wimbo anaoujua kwa maneno asiyoyajua, akaimba ya kwake kwa sauti na hakuna aliyemgeukia.

"Kila asubuhi nilikuwa sijui itakuwaje," akasema. "Hapa najua mpaka viazi vitakavyosema."

"Tena hukuwa na mtu huko?" Mama Tito akauliza.

"Sasa ninao."

Mama Tito akageuka kuondoka. Akasema, "Ungeaga tu, Salome. Ungeaga." Akaondoka.

Nilimchukia Mama Tito kwa neno lile. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hadithi hii kwa marafiki kama hadithi ya ushujaa: shangazi yangu, mwanamke aliyewasha kuni za kifo chake akapikia viwavi. Wanacheka, wanasema kweli umetoka kwake. Na mimi najivuna. Ila usiku wa leo, kwa sababu ya hili begi, nimekumbuka kipande ambacho huwa nakiruka.

Shangazi hakukaa. Watu waliacha kuagiza masweta, hakuna aliyesema kwa nini. Akahamia Makambako, halafu akavuka tena, halafu akawa wa huko, ana mume na bustani. Begi alituachia siku aliyokuja na kubwa zaidi. Na bibi alipofariki kweli, nikiwa sekondari, kuni zikaletwa tena, zikapangwa ukuta ule ule. Tulimpigia shangazi, hapatikani. Tukasubiri mpaka wazee wakasema inatosha, tuzike. Baba kaumia mgongo, amelala. Mama ndiye aliyemwosha mkwewe na kumvika, peke yake na Mama Tito. Shangazi alifika kaburi limeshakauka. Nilimwona anapita barabarani na mama yuko shambani anachimba, mama akainua kichwa akamwona, akainama akaendelea kuchimba.

Mimi nilidhani ni chuki ya watu wa kukaa kwa watu wa kwenda. Mpaka leo jioni niliamini hivyo. Lakini mama huyu ndiye aliyelilia maiti asiyekuwepo, halafu akaachiwa maiti aliyekuwepo. Leo anaponiuliza unamfuata nani, labda anauliza nani atamfuata yeye siku yake ikifika. Nami kila mara namkatiza kabla hajafika hapo.

Haijanibadilishia nia. Bado miguu inaniwasha, niseme ukweli, hata kuandika hivi nimesimama mara tatu kwenda dirishani kusikia malori ya Zambia yanavyobadili gia kwenye mlima. Nitakwenda. Nitashuka nisipopajua. Nilichokuwa nimepanga ni kutoka Jumatatu alfajiri, ugomvi uishe wenyewe nikiwa njiani, na huo mpango ndio nimeufuta.

Kesho ni zamu ya shamba letu, mgowe, akina mama wote wa upande huu wanakuja kutusaidia kuvuna viazi kama tunavyokwenda kwao. Nitaamka kabla ya mama, nitashika jembe, nitachukua mstari wa pembeni yake. Wakiketi kunywa togwa nitasimama mbele yao, Mama Tito akiwemo, niage: siku, treni, kwamba sina mgonjwa wala maiti huko, naenda kwa sababu nataka, na namba yangu nitampa kila mtu. Wacheke. Halafu nitamwomba mama aseme la kwake pale pale, mbele ya wenzake, na nitafunga mdomo mpaka amalize.